Tarehe 17 Septemba: Mapigano Matatu, Madaraja Matatu



Kila inapofika tarehe 17 Septemba, watu wa nchi zilizo mbalimbali hukumbuka vita. Marekani hukumbuka Antietam, 1862. Waingereza, Wapolandi na Waholanzi hukumbuka Arnhem, 1944. Ireland hukumbuka Jadotville, 1961. Na Jadotville ni Likasi yetu, kwa jina ililopewa wakati wa ukoloni. Sisi wa Kakontwe tunakaa karibu kabisa na uwanja wa vita hiyo ya tatu. Kwa hiyo tumeona vema kuyaweka mapigano hayo mbele yenu kwa pamoja, tuone wengine wanakumbuka nini, na sisi inatupasa kukumbuka nini.

Tuanze na la zamani. Penye kijito cha Antietam, katika jimbo la Maryland, jeshi la Kaskazini lilikutana na jeshi la Kusini, ambako utumwa ulikuwa bado sheria. Kwa siku moja tu, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea walifika karibu 23,000. Penye daraja moja la mawe, askari mia kadhaa kutoka Georgia waliwazuia maelfu ya wenzao kwa saa nyingi. Jioni ilipoingia, hakuna upande uliokuwa umeshinda kabisa. Hata hivyo jeshi la Kusini lilirudi nyuma, na tarehe 22 Septemba Rais Lincoln alitangaza kwamba kuanzia mwaka mpya watumwa wa majimbo yaliyoasi watahesabiwa kuwa watu huru. Wamarekani wanapoikumbuka siku ile, hawahesabu maiti tu, bali huuliza pia vita ile ilikuwa kwa ajili ya nini.

Arnhem ilikuwa siku ya Dominika. Maelfu ya askari wa miamvuli walishushwa Uholanzi ili wayashike madaraja hadi mto Rhine, na jeshi kubwa lipite kuingia Ujerumani. Kikosi cha watu wapatao 700, chini ya Luteni Kanali John Frost, kilifika penye daraja la Arnhem na kulishika upande mmoja. Waliambiwa msaada ungewafikia kwa siku mbili. Msaada haukufika, na siku ya nne walizidiwa nguvu. Kati ya askari wapatao 10,000 waliopigana ng'ambo ile ya mto, waliorudi salama hawakutimia 2,500. Kisha wakubwa walitafuta wa kulaumiwa, wakamwona Jenerali Sosabowski wa Poland, ambaye alikuwa ameutilia shaka mpango ule tangu mwanzo. Aliondolewa katika uongozi wa kikosi chake. Uholanzi ilimpa heshima mwaka 2006, naye alikuwa amekwisha kufa tangu 1967.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Umoja wa Mataifa ulileta majeshi, na mwanzoni mwa Septemba 1961 kampuni moja ya askari wa Ireland, watu zaidi ya 150 chini ya Komanda Pat Quinlan, ilitumwa Jadotville kuwalinda wakazi wa Kizungu. Wengi wa wakazi hao hawakuwataka. Tarehe 13 Septemba majeshi ya Umoja wa Mataifa yalianza kushika sehemu muhimu za Elisabethville, yaani Lubumbashi. Asubuhi ileile jandarmeri ya Katanga, pamoja na mamluki wa kigeni, iliwashambulia Waireland wa Jadotville, wakati wengi wao walikuwa Misani.

Walipigana siku tano. Ndege moja ya kivita ya Katanga iliwatupia mabomu. Helikopta moja ilifaulu kuwafikia na kuwaletea maji, lakini maji yale yalikuwa yameharibika kwa petroli. Wenzao waliotoka Elisabethville kuja kuwaokoa walizuiwa penye daraja la mto Lufira, wakarudi bila kupita. Tarehe 17, siku ya Dominika, walipokwisha kukosa maji na risasi, Quinlan alikubali kuweka silaha chini. Watano wa watu wake walikuwa wamejeruhiwa, wala hakufa hata mmoja. Walikaa kifungoni hadi Oktoba. Usiku uleule wa tarehe 17 kuamkia 18, ndege ya Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld, aliyekuwa akienda kuonana na Tshombe, ilianguka karibu na Ndola, naye akafa.

Waliporudi kwao, Waireland wale walidhihakiwa kuwa waoga waliojisalimisha. Quinlan alifariki mwaka 1997 bila kuona heshima yake ikirudishwa. Kikosi chake kilitajwa rasmi kwa ushujaa mwaka 2016, na mwaka uliofuata askari wake walipewa nishani iliyobeba jina la mji wetu. Mwaka 2016 pia ilitoka filamu juu yao, ambayo huenda wengi wenu mmeitazama. Ilipigwa Afrika Kusini. Msiitafute Likasi ndani yake.

Wala msiwatafute ndani yake vijana wa Katanga waliokufa. Makisio yanayotajwa mara nyingi ni watu 300, lakini makisio hayana majina. Wabenedikto walikuwa wakihubiri Katanga tangu 1910, yaani kwa nusu karne. Hivyo bunduki zilipolia wakati wa Misa, hata kati ya waliozishika walikuwapo waliobatizwa. Kule Oosterbeek, karibu na Arnhem, kila Septemba watoto wa shule huweka maua juu ya makaburi ya askari wageni, kila mtoto kaburi lake. Watoto wale wanafundishwa kwamba aliyelala pale ni mtu, mwenye mama aliyemlilia. Nasi tuna deni la namna hiyo kwa waliokufa katika ardhi yetu, wawe wa upande wowote.

Tunayasema haya kwa sababu vita isiyokumbukwa kwa haki hurudi kwa njia nyingine. Wakati wa kujitenga, watu wa mkoa huu walizoea kugawanywa kuwa wenye nchi na wageni. Mwaka 1992, miaka zaidi ya thelathini baadaye, maneno hayo yalirudi hapa Likasi. Majirani wenye asili ya Kasai walifukuzwa nyumbani mwao. Maelfu walilala stesheni, pamoja na watoto na wazee, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Wako waliokufa wakingoja, na wako waliokufa njiani. Waliotupwa nje walikuwa wamekaa nasi katika benchi moja kanisani. Hapakuwa na jeshi la kigeni la kulilaumu mwaka ule.

Basi, tarehe 17 Septemba tufanye nini? Kwanza, waendeeni wazee waliokuwa hai mwaka 1961 na mwaka 1992, kabla hawajatutoka. Waulizeni kwa adabu: nani alikufa, aliitwa nani, alizikwa wapi. Andikeni majina katika daftari la kikundi. Pili, mnapoyaleta majina hayo katika sala ya Novemba kwa ajili ya marehemu, msiyatenge kwa kabila wala kwa upande. Tatu, mtu akiwaambia kwamba jirani fulani ni mgeni hapa, mkumbusheni stesheni.

Kila anayekwenda Lubumbashi kwa barabara huvuka mto Lufira. Mwaka 1961 waliokuja kuwaokoa ndugu zao walizuiwa pale. Ninyi mnapita bila kuulizwa kabila. Siku mtakapovuka tena, waelezeni wadogo zenu mlio nao garini yaliyotokea penye daraja lile, na mwaelezeni habari yote, ya wageni na ya kwetu.