Kupofuka ghafla baada ya tiba ya mshipa wa ubongo: Chanzo huenda si jicho

MGONJWA aliyetibiwa anurizimu, yaani mshipa wa damu ubongoni uliofura mfano wa puto, akiacha kuona ghafla, jamaa zake hudhani jicho ndilo lenye kasoro.

Kwa mkazi wa Uthiru, barabara ya Waiyaki ina njia mbili: kuelekea Hospitali ya PCEA Kikuyu, inayosifika kwa kitengo chake cha macho, au mjini katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, yenye wataalamu wa ubongo na wa macho pia. Hali hii ni ya dharura, na panapopatikana wataalamu wote wawili ndipo panapofaa.

Swali la kwanza la daktari ni iwapo tatizo liko katika jicho moja au yote mawili. Mgonjwa huzibwa jicho moja, kisha la pili.

Likiwa moja, mboni humulikwa kwa tochi. Isiposinyaa ipasavyo, hitilafu huwa kwenye retina au mshipa wa fahamu wa jicho. Retina iliyopauka huashiria donge la damu lililoziba mshipa wake; hapo kila saa ina thamani.

Damu ikionekana ndani ya jicho, huenda ni ugonjwa wa Terson, uliopewa jina la daktari Mfaransa Albert Terson aliyeueleza mwaka wa 1900. Hutokana na anurizimu kupasuka, na mara nyingi mgonjwa huweza kuona tena.

Macho yote yakikosa kuona, au yakipoteza upande ule ule, huku mboni zikisinyaa kama kawaida, hushukiwa sehemu ya nyuma ya ubongo. Picha ya CT huonyesha damu au maji yaliyojaa; MRI hufichua kiharusi. Anurizimu ikiwa ilipasuka, hatari ya mishipa kubana huwa kubwa kati ya siku ya 4 na ya 14.

Dawa ya kung'arisha mishipa kwenye picha pia huweza kupofusha kwa muda, ila hilo huaminiwa tu baada ya sababu nyingine kuondolewa.

Jamaa wabebe cheti cha upasuaji. Nyaya za platinamu kwa kawaida hazizuii MRI, lakini baadhi ya vibanio vya zamani vya chuma huweza kusogea. Mgonjwa asiache dawa za kuzuia damu kuganda bila idhini ya daktari.