Majina ya Vitafunio katika Historia ya Ulaji wa Pwani

Aghalabu husemwa kwamba kula kati ya mlo na mlo ni desturi ngeni iliyoletwa na maisha ya miji ya leo, na kwamba watu wazima wa zamani walishika nyakati zao za kula. Ushahidi wa historia na wa lugha hauafiki dai hilo.

Ibn Battuta aliposhuka Mogadishu mwaka 1331, alikaribishwa kwanza kwa sahani ya tambuu na popoo, ndipo akaletewa wali. Kutafuna kwa ajili ya heshima na mazungumzo, wala si kwa njaa, kulikuwa kumekwisha kuwa ada. Biashara iliizidishia ada hiyo vyakula, na majina yanaeleza njia yake. Sambusa lina asili ya Kiajemi. Kaimati limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni matonge madogo. Bajia limetoka Bara Hindi. Muhogo na karanga, ijapokuwa leo huhesabiwa kuwa vya kienyeji, ni mimea ya Amerika, isiyoweza kufika pwani hii kabla ya mwaka 1492. Na barazani, wazee wanywapo kahawa chungu, kashata na tende hazikosi.

Chajio kimepewa jina kwa saa yake. Kitafunio, kilichotokana na kutafuna, hakina saa. Kadhalika asusa, ambayo asili yake ni kitu cha kuondoa ladha mbaya kinywani. Hivi vyatajwa kwa tendo au kwa kazi yake.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mtu aliyekwisha kula maandazi mawili kwa chai aweza kusema, “Sijala,” wala asiwe mwongo. Kwani kula, kwa maana yake kamili, ni kula wali au ugali kwa kitoweo. Basi mchunguzi wa maradhi ya kisukari aulizaye, “Umekula mara ngapi leo?” atapata jibu la kweli na hesabu pungufu: unga, mafuta na sukari ya vitafunio vitabaki nje ya daftari lake. Yafaa aulize kwa majina: vitumbua, kashata, muhogo wa kukaanga. Hapo mtu yule yule aliyesema hajala ataanza kuhesabu kwa vidole.