Mkono Mmoja, Kazi Mbili

Mwaka 1920, mjini Petrograd, mwanafizikia kijana Lev Termen alikuwa akitengeneza chombo cha kupima tabia za gesi. Chombo kilitoa mlio, naye akagundua kwamba akisogeza mkono karibu nacho, mlio unapanda, akiuondoa, unashuka. Mwingine angeona mkono wake unaharibu vipimo. Termen, aliyekuwa amejifunza kupiga selo, alianza kupiga nyimbo.

Mwili wa binadamu hupitisha umeme. Mkono ukikaribia antena, viwili hivyo huwa kapasita, yaani huhifadhi chaji ya umeme huku hewa ikivitenganisha. Umbali ukibadilika, kiasi cha chaji hubadilika, na masafa ya saketi nayo hubadilika. Ala hiyo ikaitwa thereminvox, baadaye theremin, na huchezwa bila kuguswa.

Mwaka 1922 Termen alimwonyesha Lenin ala yake pamoja na king'ora cha kunasa wezi. Kanuni ilikuwa ileile: kinachoweza kuhisi mkono wa mwanamuziki kinaweza kuhisi mkono wa mwizi.

Baadaye alikwenda Marekani, akapata hataza mwaka 1928, na kampuni ya RCA ikaanza kuuza theremin mwaka 1929. Alirudi kwao mwaka 1938. Mwaka uliofuata alikamatwa, akapelekwa kambi za Kolyma, kisha akahamishiwa maabara ya wafungwa.

Huko alibuni sikio la siri. Agosti 1945, watoto wa Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani, Averell Harriman, nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mti. Ikatundikwa katika makazi ya balozi mjini Moscow. Ndani yake mlikuwa na utando mwembamba mkabala na kipande cha chuma: kapasita tena. Sauti za wazungumzaji zilitikisa utando. Hakukuwa na betri wala waya. Kifaa kiliamka kiliporushiwa mawimbi ya redio kutoka nje. Kiligunduliwa mwaka 1952.

Mfungwa ndiye aliyewapa wafungaji wake sikio hilo, kwa elimu ileile aliyoanza nayo kwenye muziki.

Leo skrini za simu zetu huhisi kidole kwa kapasita. Hazijui kama kidole kinaandika shairi au kinatoa siri. Ndiyo maana kuuliza kifaa kinahisi nini hakutoshi. Tuulize pia ni nani anayepokea kinachohisiwa.