Miguu ya Porsche 911

Septemba 1963, kwenye maonyesho ya magari ya Frankfurt, kampuni ya Porsche ya Stuttgart ilionyesha gari jipya la michezo lenye namba 901. Peugeot ya Ufaransa ikapinga, kwa kuwa majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati ilikuwa imeshajiwekea yenyewe. Wajerumani wakabadilisha tarakimu moja tu, na kabla ya 1964 kwisha gari lilikuwa linaitwa 911. Lilikuwa dogo na jepesi, lenye injini ya lita 2 na nguvu farasi 130. Injini hiyo iliwekwa nyuma kabisa, kupita hata ekseli ya nyuma, na zaidi ya nusu karne ya kazi ya mafundi juu ya springi, shokapu na magurudumu ya gari hili imetokana na uamuzi huo mmoja.

Takriban sehemu tatu kati ya tano za uzito wa gari zilibebwa na magurudumu ya nyuma. Hilo lilikuwa na faida yake: ukikanyaga mafuta kwenye matope au theluji, tairi za nyuma zinashika. Taabu ilikuwa kwenye kona. Dereva aliyeingia kwa kasi kubwa, akashtuka na kuachia mafuta ghafla, alikuwa akihamishia uzito mbele; tairi za nyuma zinapungukiwa na mshiko, na mkia mzito unataka kupita mbele ya kichwa. Mafundi wa Stuttgart walilijua tatizo mapema. Dawa yao ya kwanza ilikuwa ya kienyeji kweli kweli: walificha vipande viwili vya chuma, kila kimoja cha kilo 11, kwenye pembe za bampa la mbele, ili pua ya gari iongezeke uzito. Kampuni iliyokuwa ikipunguza gramu kila mahali ikajikuta inauza gari lenye kilo 22 za chuma kisicho na kazi nyingine yoyote.

Dawa hiyo isingeweza kuwa ya kudumu. Ili kuelewa zile zilizofuata, ni vizuri kwanza kutazama gari lilivyosimama.

Ferdinand Porsche, mwanzilishi wa kampuni, tangu 1931 alikuwa na hataza ya springi za vyuma vya msokoto, zile zile alizokuja kuzitumia kwenye Volkswagen, gari la kobe. Badala ya waya mnene uliozungushwa, springi ya aina hii ni fimbo iliyonyooka. Ncha moja imeshikwa na bodi, nyingine imeshikwa na mkono wa gurudumu. Gurudumu likipanda juu ya jiwe, fimbo inajisokota kama nguo inayokamuliwa, kisha inajirudi. Kwenye 911 fimbo za mbele zililala kufuata urefu wa gari, na za nyuma zililala kwa upana, mbele ya injini. Hazikula nafasi, kwa hiyo mbele palibaki pa kuweka tangi la mafuta na mizigo.

Fimbo za nyuma zilikuwa na jambo jingine la werevu. Ncha zake zilichongwa meno: 40 upande wa ndani na 44 upande wa nje. Jino moja la ndani ni digrii 9, na jino moja la nje ni digrii 8 na kidogo. Fundi akisogeza jino moja ndani na kurudisha jino moja nje, mkono wa gurudumu unabadilika kwa chini ya digrii moja. Kwa hesabu hiyo angeweza kuliinua au kulishusha gari kidogo kidogo bila kununua springi mpya. Wateja wengi wa mwanzo hawakuwa na haja ya kujua hilo. Watu wa mashindano walilijua, na lingekuja kuwafaa mbali sana na Stuttgart.

Mwaka 1966 ilitoka 911 S, yenye nguvu farasi 160. Kasi ilipopanda, magurudumu nayo yalilazimika kubadilika. Kiwanda cha Otto Fuchs cha Meinerzhagen kilikuwa na ujuzi wa kufua alumini kwa mashinikizo makubwa, na kikatengeneza rimu ya vipande vitano vilivyosambaa kama petali za ua. Hadi leo watu huiita Fuchs tu. Ilipendeza macho, lakini sababu yake ya msingi ilikuwa uzito. Kilo iliyo kwenye buti na kilo iliyo kwenye gurudumu hazifanani. Ya kwenye buti imebebwa na springi. Ya kwenye gurudumu inapanda na kushuka na kila shimo, na springi na shokapu ndizo zinazopaswa kuituliza. Gurudumu zito likirushwa na tuta hukawia kurudi chini, na tairi ambalo haligusi ardhi halishiki breki wala kona. Ndiyo maana 911 S haikupewa rimu nyepesi peke yake. Ilipewa pia shokapu za Koni na stabilaiza ya nyuma ya kupunguza kulala kwenye kona. Upana wa rimu ulibaki ule ule wa mwanzo, inchi 4.5.

Upana ulianza kuongezeka polepole: inchi 5.5, kisha 6. Lakini dawa kubwa ilikuja na magari ya mwaka wa modeli 1969. Mafundi waliirefusha mikono ya nyuma, wakayarudisha magurudumu nyuma milimita 57, na injini wakaiacha pale pale ilipokuwa. Umbali kati ya ekseli mbili ukatoka milimita 2,211 hadi 2,268. Kwa macho ya mpita njia gari lilikuwa lile lile, lakini sehemu ya injini iliyokuwa ikining'inia nyuma ya ekseli ilipungua. Kasha la injini lilikuwa tayari limeanza kutengenezwa kwa magnesiamu badala ya alumini, na betri moja ikagawanywa kuwa mbili ndogo, moja kila pembe ya mbele. Sasa uzito wa kutuliza pua ulikuwa wa kitu chenye kazi.

Kilele cha mkondo huu kilikuwa Carrera RS 2.7 ya mwaka 1972. Sheria za mashindano zilidai magari 500 yauzwe kwa umma. Yakaishia kutengenezwa 1,580. Mbele lilikuwa na rimu za inchi 6 zenye tairi za 185/70, nyuma rimu za inchi 7 zenye tairi za 215/60, na madigadi ya nyuma yalipanuliwa ili kuzipokea. Shokapu zilikuwa za Bilstein. Kwa mara ya kwanza 911 ya barabarani ilikubali wazi kwamba nyuma inabeba kazi kubwa kuliko mbele, hivyo viatu vyake haviwezi kulingana. Tangu hapo mwelekeo wa Ulaya ukawa mmoja: pana zaidi, ngumu zaidi, chini zaidi.

Afrika Mashariki ilikuwa na maoni tofauti.

Mashindano ya Safari yalianzishwa 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayakuendeshwa kwenye lami laini, wala kwenye vipande vifupi vilivyofungwa. Magari yalikimbizwa maelfu ya kilomita kwenye barabara za kawaida, zenye vumbi, mawe, mito iliyofurika na udongo mweusi unaokamata tairi hadi ekseli. Porsche ilikuwa bingwa wa mashindano ya Monte Carlo: Vic Elford alishinda huko na 911 mwaka 1968, na Msweden Björn Waldegård akafuatia 1969 na 1970. Safari haikusalimu amri. Mwaka 1972 Mpoland Sobiesław Zasada alikuja wa pili na 911, nyuma ya Hannu Mikkola wa Ford Escort. Mwaka 1974 Waldegård naye akawa wa pili, nyuma ya Joginder Singh wa Kenya aliyekuwa na Mitsubishi Lancer.

Pasaka ya 1978 kampuni ilirudi na magari mawili ya 911 SC, yenye rangi za Martini na injini za lita 3. Aliyeyatazama kwa jicho la Ulaya angedhani yamekosewa. Yalisimama juu, tumbo likiwa sentimita 28 kutoka ardhini, likilindwa na sahani nene ya chuma chepesi. Mantiki ya RS ilikuwa imegeuzwa juu chini. Barabara ya mawe haitaki springi fupi na ngumu. Inataka mwendo mrefu, ili gurudumu lipande sana na kushuka sana kabla bodi haijapigwa. Tairi pana kupita kiasi huelea juu ya tope, wakati lenye upana wa wastani hulipasua na kutafuta ardhi ngumu chini yake. Kuinua gari nako kuna gharama. Shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu hukaa kwa pembe kali, tairi zinabadilisha mkao wake, na uzito ukiwa juu gari hulala zaidi kwenye kona. Kila kilichoinuliwa kilidai kitu kingine kiimarishwe.

Vic Preston Jr. wa Kenya alimaliza wa pili, Waldegård wa nne. Mshindi alikuwa Mfaransa Jean-Pierre Nicolas na Peugeot 504. Porsche ilikuwa imelijua jibu, ila kombe lilikuwa bado limeikataa.

Vyuma vya msokoto viliendelea kutumika hadi 911 ya kizazi cha 1989 ilipokuja na springi za waya uliozungushwa. Magari ya zamani yakabaki mikononi mwa wapenzi, na hapo ndipo biashara ya kuyaboresha iliposhamiri. Kitu cha kwanza wanachonunua wengi ni rimu pana, kwa sababu ndiyo inayoonekana. Ila rimu pana isiyokaa kwa kipimo sahihi hukwangua madigadi au hulemea beringi. Cha pili ni vyuma vinene. Hapo hesabu inahitaji utulivu, kwa kuwa ugumu wa fimbo hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Kutoka milimita 19 hadi 21 ni ongezeko dogo machoni, lakini ugumu unaongezeka kwa karibu nusu. Shokapu ya zamani haiwezi kuituliza springi hiyo, na bushi za mpira zilizochoka zitafuta faida yote. Anayeanza na bushi, shokapu na mpangilio wa magurudumu, akaacha rimu ziwe za mwisho, anafuata njia ile ile waliyopita mafundi wa kiwanda.

Mwaka 2003, miaka 50 baada ya Safari ya kwanza, yalianzishwa mashindano ya Safari Classic kwa magari ya zamani. Huko 911 zilizoinuliwa zikawa jambo la kawaida. Mwaka 2011 Waldegård, akiwa na umri wa miaka 68 na mwanawe Mathias akimsomea njia, alishinda na 911 iliyoinuliwa. Ushindi ambao barabara hizo zilimnyima akiwa na Porsche 1974 na 1978, sasa zikampa. Alifariki 2014, mwaka uliofuata Msweden mwenzake Stig Blomqvist akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo.

Mwishoni mwa 2022 Porsche yenyewe ilizindua 911 Dakar, gari la dukani lililoinuliwa milimita 50 kuliko Carrera yenye springi za michezo. Kwa hiyo kiwanda kilichotumia miongo mingi kulishusha 911 kilikuja kuuza lililopandishwa, na pande zote mbili ziko sahihi. Hakuna kimo bora cha gari la michezo, wala upana bora wa tairi. Kuna barabara fulani na kasi fulani, na fundi anayeuliza hayo mawili kabla ya kushika spana ndiye anayeliboresha gari. Asiyeuliza analipamba tu.