Sigara, Skizotipia na Nusu Mbili za Ubongo: Kwa Nini Uvutaji Usiachwe Kando

Makala haya yanatetea hoja moja: utafiti unaohusisha hulka za skizotipia na tofauti za utendaji kati ya nusu mbili za ubongo haujakamilika iwapo haukuchunguza uvutaji wa sigara wa washiriki wake.

Skizotipia ni hulka zinazopatikana, kwa viwango tofauti, hata kwa watu wasio wagonjwa: kuamini au kuhisi mambo yasiyo ya kawaida, kujitenga na wengine, na kuwa na fikra na maneno yasiyo na mpangilio. Dodoso la maswali 74 lililotungwa na Adrian Raine mwaka 1991 hupima makundi hayo matatu. Kabla yake, mwaka 1962, Paul Meehl alidai kwamba hulka hizi zina chanzo cha kurithi ambacho kwa wachache huishia katika ugonjwa wa akili wa skizofrenia.

Kwa watu wengi, lugha hutegemea zaidi nusu ya kushoto ya ubongo. Doreen Kimura alionyesha mwaka 1961 kwamba sikio la kulia, ambalo taarifa zake huelekea zaidi nusu hiyo ya kushoto, hunasa maneno vizuri zaidi pale kila sikio linaposikilizishwa neno lake kwa wakati mmoja. Vivyo hivyo, neno linaloonyeshwa kwa kitambo kifupi upande wa kulia husomwa upesi zaidi. Tafiti kadhaa zimeripoti kwamba tofauti hiyo ya pande hupungua kadiri alama za skizotipia zinavyopanda. Nyingine hazikuona uhusiano huo.

Tumbaku inaweza kuchangia mkanganyiko huu. Wenye alama za juu za skizotipia huelekea kuvuta zaidi. Nikotini nayo hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache na kuchochea vipokezi vinavyohusika na umakini, ilhali mvutaji aliyenyimwa sigara kwa saa kadhaa huzubaa. Vipimo vya pande za ubongo hutegemea umakini na tofauti za sehemu ndogo mno ya sekunde. Hivyo, kinachohesabiwa kuwa athari ya hulka huenda ni athari ya muda uliopita tangu sigara ya mwisho.

Wapo watakaosema wavutaji waondolewe tu kwenye sampuli. Dawa hiyo ina madhara yake: pamoja nao wataondoka wengi wenye alama za juu, na uhusiano unaotafutwa utafifia. Kurekebisha takwimu kwa hesabu peke yake nako hakutoshi, kwa kuwa kama hulka yenyewe ndiyo inayomsukuma mtu kuvuta, marekebisho hayo yanaweza kufuta sehemu ya athari halisi. Njia bora ni kulinganisha wasiowahi kuvuta, walioacha na wanaovuta, kisha kumpima kila mvutaji mara mbili: baada ya kuvuta na baada ya kujizuia. Uhusiano ukidumu kwa wasiowahi kuvuta, hapo sigara haiwezi kuwa maelezo yake pekee.

Suala hili halihusu maabara tu. Imani kwamba wagonjwa wa skizofrenia huvuta ili kujituliza imewafanya wauguzi na madaktari wengi kuwaachia sigara zao. Lakini uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet Psychiatry uligundua kwamba asilimia 57 ya waliofika hospitalini na saikosisi (hali ya kupoteza mguso na uhalisia, kama ile ya skizofrenia) kwa mara ya kwanza walikuwa wavutaji tayari, na kwamba wavutaji wa kila siku waliugua mapema kuliko wasiovuta. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba tumbaku husababisha ugonjwa, ila yanadhoofisha dai kwamba uvutaji ni zao la ugonjwa na matibabu yake tu. Watu wenye skizofrenia hufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wenzao, na maradhi ya moyo na mapafu ni miongoni mwa sababu kuu. Mtafiti anayeandika idadi ya sigara na saa ya ile ya mwisho huiongezea sayansi usahihi. Tabibu anayemsaidia mgonjwa kuacha humwongezea miaka ya kuishi.