Jakarta: Jiji Linalozama kwa Kiu

Kwa miaka mingi mtu akiulizwa ni jiji gani lenye watu wengi kuliko yote duniani, jibu lilikuwa moja tu: Tokyo. Mwaka 2025 Umoja wa Mataifa ulihesabu upya, na Tokyo ikashuka hadi nafasi ya tatu. Ya pili ni Dhaka ya Bangladesh, na ya kwanza ni Jakarta ya Indonesia, ambayo pamoja na miji iliyoungana nayo ina watu karibu milioni 42. Ajabu ni kwamba ilitajwa ya kwanza wakati serikali yake yenyewe ilikwisha kutangaza kwamba inaihama.

Sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba Jakarta inamezwa na bahari. Hiyo ni nusu ya ukweli. Bahari inapanda kwa milimita chache kila mwaka, kama inavyopanda kwingineko. Inayoshuka ni ardhi, na katika mitaa ya kaskazini imekuwa ikishuka kwa sentimita nyingi kwa mwaka. Kisa chake ni kirefu, na kinaanza na maji.

Hapo zamani palikuwa na bandari iitwayo Sunda Kelapa, kwenye mlango wa mto Ciliwung. Mwaka 1527 iliangukia mikononi mwa jeshi la Waislamu chini ya Fatahillah, ikapewa jina la Jayakarta, yaani ushindi kamili. Hadi leo jiji husherehekea siku yake ya kuzaliwa tarehe 22 Juni kwa kuukumbuka mwaka huo. Lakini mwaka 1619 akaja Jan Pieterszoon Coen wa Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, akauteketeza mji na kujenga mwingine juu ya majivu yake. Alitaka uitwe Hoorn Mpya, kwa heshima ya mji aliozaliwa. Wakubwa wake huko Uholanzi wakakataa, wakauita Batavia. Kumbe hata mteka miji ana bosi wake.

Alichofuata Coen huko si kigeni kwetu: karafuu na kungumanga. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, na kampuni hiyo ilitaka mkarafuu usiote mahali pengine popote bila ruhusa yake. Wafaransa wakaiba miche, wakaipanda Mauritius, na kutoka visiwa vya upande huo ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Baadaye mambo yakageuka: katika karne ya 20 Indonesia ikawa mnunuzi mkubwa wa karafuu ya Zanzibar, kwa ajili ya sigara zao za kretek zinazotiwa karafuu ndani.

Turudi Batavia. Waholanzi walijenga kama kwao: mifereji iliyonyooka kama rula na nyumba zilizobanana kando yake. Kwao maji hayo yana baridi. Java, chini kidogo tu ya ikweta, mifereji ilijaa matope, mizoga na uchafu wa vyooni, na mabwawa ya samaki ya pwani yakawa mazalio ya mbu. Kuanzia miaka ya 1730 watu walikufa kwa wingi wa kutisha. Mwaka 1740 kikaongezwa kifo cha mkono wa binadamu: askari na raia wa mji waliwaua Wachina, ambao inakadiriwa walifika 10,000, kwa kuhofia uasi wao.

Oktoba 1770 nahodha James Cook wa Uingereza alitia nanga hapo kutengeneza meli yake. Alikuwa amezunguka bahari ya Pasifiki bila kupoteza mabaharia kwa kiseyeye, akajivunia jambo hilo. Wiki chache za Batavia zikamvunjia sifa yake. Watu saba walikufa mjini humo, miongoni mwao Tupaia, yule kuhani na mjuzi wa bahari kutoka Tahiti, na zaidi ya 20 wakafa njiani kabla ya kufika Rasi ya Tumaini Jema.

Basi mwaka 1808 Gavana Mkuu Herman Willem Daendels aliamua yaishe. Alibomoa ngome na kuta za mji, akahamisha makao ya serikali kwenda ardhi ya juu upande wa kusini, mahali palipoitwa Weltevreden. Huko ndiko kuhama kwa kwanza. Wakubwa walikwenda kwenye hewa safi na bustani, na wasio na uwezo wakabaki na mifereji.

Mgawanyo huo ukafuatwa na mabomba. Katika karne ya 19 Waholanzi walichimba visima virefu, na katika miaka ya 1920 wakaleta maji ya chemchemi kutoka upande wa Bogor. Yalikwenda kwanza kwenye nyumba za Wazungu. Wenyeji waliendelea na mto, visima vifupi na wauza maji.

Uhuru ulitangazwa tarehe 17 Agosti 1945. Rais Sukarno aliupamba mji hasa. Alianzisha mnara wa taifa wenye urefu wa mita 132, na msikiti wa Istiqlal, mmojawapo wa mikubwa kabisa duniani, ambao mchoraji wa ramani yake, Friedrich Silaban, alikuwa Mkristo. Mabomba ya maji hayakukimbia kwa kasi ya minara. Mwaka 1997 kazi ya maji ilikabidhiwa kwa makampuni kutoka Ufaransa na Uingereza kwa miaka 25. Mkataba ulipomalizika mwaka 2023, nyumba kama moja kati ya kila tatu bado haikuwa na maji ya bomba.

Sasa mtu asiyeletewa maji atafanyaje? Atachimba. Tena wanaochimba kwenda chini sana si akina mama wa vichochoroni, bali viwanda, mahoteli na majumba makubwa ya biashara, ambao kwao maji ya chini ni rahisi kuliko ya kulipia. Jakarta imekaa juu ya matabaka ya udongo laini yaliyoshiba maji. Ukiyanyonya, udongo unashindiliwa kama godoro la sufi lililolaliwa miaka mingi, na haliinuki tena. Juu yake ongeza uzito wa maghorofa.

Tokyo nayo ilikuwa ikididimia hivyo hivyo. Wajapani walibana uchimbaji wa visima, na baada ya miaka ya 1970 kushuka huko kukapungua hata karibu kukoma. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye hoja, maana ina maana dawa inajulikana, na ni bomba.

Jakarta ilichagua njia ya Daendels. Agosti 2019 Rais Joko Widodo alitangaza kwamba makao makuu yatahamia Kalimantan Mashariki, zaidi ya kilomita 1,000 ng'ambo ya bahari, kwenye mji mpya uitwao Nusantara. Sheria ilipitishwa mwaka 2022, na tarehe 17 Agosti 2024 sikukuu ya uhuru iliadhimishwa huko kwa mara ya kwanza. Hata shughuli zote za serikali zikihama, watakaoondoka ni watumishi wake na familia zao. Mamilioni yale mengine hayana pa kuhamishiwa.

Baadhi yao wako upande wa kaskazini. Kule Muara Baru ardhi imeshuka hata mita nne tangu miaka ya 1970. Msikiti wa Wal Adhuna umebaki nje ya ukuta wa bahari, umeachwa, maji yamejaa ndani yake. Ndani ya ukuta, mitaa iko chini kuliko bahari iliyo upande wa pili. Na katika mitaa hiyo hupita wauza maji wakisukuma mikokoteni iliyopangwa madumu.