Kupitia kwa Mkuu wa Idara

Wiki hii nawapeleka Buguruni, nyuma ya soko, kwa mama mmoja mstaafu aliyekuwa mpiga chapa serikalini. Jina lake silitaji, na ofisi yake siitaji, kwani kisa chenyewe hakikuwa cha ofisi moja.

Nilikwenda kumjulia hali tu. Baada ya shikamoo na marahaba akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki iliyolika pembe. Ndani yake mna nakala ya kaboni ya barua aliyoipiga mwenyewe mwaka 1974. Alikuwa binti asiyeolewa, amejifungua mtoto wa kwanza, akanyimwa malipo ya likizo ya uzazi. Siku zile malipo hayo yalikuwa ya mwenye cheti cha ndoa. Mwenziwe wa meza ya pili, kazi ile ile, mshahara ule ule, alijifungua mwaka huo huo akalipwa. Barua ni ya ukurasa mmoja na nusu, ina adabu kupita kiasi, na juu yake pameandikwa: "Kupitia kwa Mkuu wa Idara." Mkuu huyo ndiye aliyemnyima.

"Ikajibiwa?" nikamwuliza.

"Ilijibiwa, mwanangu. Imepokelewa na inashughulikiwa."

Waliopata kufanya kazi ofisini watacheka, maana neno hilo wanalijua. Lakini mimi lililonishika ni lile la "kupitia kwa". Nani aliianzisha njia hii, ya malalamiko kupita kwanza mikononi mwa anayelalamikiwa?

Tuliirithi. Kanuni za utumishi wa makoloni zilimruhusu kila mtumishi, hata karani wa bomani, kupeleka malalamiko yake hadi kwa Waziri wa Makoloni huko London. Haki ilikuwapo, na kwenye karatasi ilipendeza. Ila barua ilipaswa kuanzia kwa bwana mkubwa wa karani, ipande hadi kwa Gavana, ndipo ivuke bahari. Zile herufi tatu ambazo ofisi zetu ziliendelea kuziandika, u.f.s., zina maana ya muhuri usiobanwa: barua inakwenda wazi, kila aliye njiani aisome.

Na yapo mengi ya kulalamikia. Serikali ya kikoloni ilipanga watumishi wake kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Tume ya Holmes, iliyochunguza mishahara ya Afrika Mashariki mwaka 1947 na 1948, ilikubali kwamba asiye Mzungu, hata akishika kazi ya Mzungu, apate sehemu 3 kati ya 5 za mshahara wake. Nasema tena kwa wale wanaopenda hesabu: shilingi 60 kwa kila 100. Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ikaiondoa kanuni hiyo, lakini aliyetoka Uingereza akaendelea kupata nyongeza ya kumvuta aje. Mlango ukafungwa, dirisha likaachwa wazi.

Makarani hawakukaa kimya. Martin Kayamba alikwisha kuanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali huko Tanga mwaka 1922, kwa sababu barua ya mtu mmoja hupotea, ya chama hupotea kwa shida. Mwaka 1953 ukatoka waraka wa kuwakataza watumishi wa serikali kujiingiza katika siasa. Mwaka uliofuata TANU ikazaliwa.

Uhuru ulipofika mwaka 1961, ni kama robo tu ya nafasi za juu na za kati serikalini zilizoshikwa na wananchi. Ikawa lazima Mwafrika atangulizwe, na sidhani yupo mwenye akili timamu aliyelaumu. Lakini ilifika mahali mtoto wa Kihindi aliyezaliwa hapa na kuchukua uraia wetu akaulizwa rangi kabla ya cheti. Tarehe 7 Januari 1964 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa kukomesha ubaguzi huo: raia ni raia, katika kuajiriwa, kusomeshwa na kupandishwa cheo. Viongozi wa wafanyakazi walinung'unika. Siku 13 baadaye jeshi likaasi. Sisemi kwamba waraka ndio ulioleta maasi, askari walikuwa na yao ya mishahara na maofisa Waingereza. Nasema tu kwamba haukuwa waraka mwepesi kuutia sahihi mwezi ule.

Mwaka 1966 tukapata Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, chini ya Chifu Erasto Mang'enya. Hapo mwananchi aliandika moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu, ingawa taarifa ya uchunguzi ilikwenda kwa Rais na uamuzi ukabaki kwake. Nikamwuliza mama kwa nini hakuiandikia.

"Mwanangu, taipu ilikuwa ya bosi, karatasi ya bosi, na posta alikwenda tarishi wa bosi."

Mwaka 1975 sheria ikabadilishwa: siku 84 za malipo kwa kila mfanyakazi mwanamke, aliyeolewa na asiyeolewa, mara moja kila miaka 3. Mtoto wake alikuwa anatembea. Sheria haikurudi nyuma kumchukua.

Haki za binadamu ziliingia katika Katiba mwaka 1984, lakini neno jinsia halikuwamo katika orodha ya ubaguzi uliokatazwa hadi mwaka 2000. Hata kuishtaki Serikali kulihitaji kibali cha Waziri, yaani kuomba ruhusa kwa unayemshtaki, mpaka Mahakama ya Rufani ilipokifuta kifungu hicho mwaka 1993 katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 ikaweka Tume ya kusikiliza rufaa, na juu yake Rais. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 ikakataza ubaguzi kwa maneno ya wazi. Marekebisho ya mwaka 2016 yakasema mtumishi wa umma amalize kwanza ngazi hizo kabla ya kukimbilia vyombo vya kazi.

Tukiwa bado kibarazani akaja binti wa jirani, karani wa masjala mahali fulani. Ameshushwa mshahara kwa kosa ambalo wenzake wawili wa kiume walionywa tu. Rufaa ina siku 45, na 30 zimekwisha akiogopa. Mama akavaa miwani, akaisoma rasimu yake kwa utulivu, akafuta kwa kalamu mstari wa "kupitia kwa".

"Siku hizi yeye unampa nakala," akamwambia. "Na usitoke masjala kabla ya yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe."